Mwanasesere Kwenye Ngazi za Timberline

Wapo watalii wasiofunga safari bila mwanasesere: dubu wa kitambaa, sungura wa sufu, au mtu wa karatasi aliyechorwa na mtoto darasani. Kila wafikapo humsimamisha mahali, wakampiga picha. Shule zimeieneza sana desturi hii. Mwaka 1964 Jeff Brown, mwandishi wa Marekani, alitoa hadithi ya Flat Stanley, mvulana aliyeangukiwa na ubao akawa bapa hadi akasafirishwa ndani ya bahasha. Mwaka 1995 mwalimu Dale Hubert wa Ontario, Kanada, akaanzisha mradi wa wanafunzi kutumiana Stanley wa karatasi kwa posta. Anayempokea humtembeza, kisha humwandikia mtoto waliyoyaona. Wengi huona huu ni utoto usiofaa mahali pa historia. Mimi naona kuna majengo ambayo hayaonekani vizuri bila utoto huo, na mojawapo ni Timberline Lodge, hoteli ya mlima Hood katika jimbo la Oregon, Marekani.

Hoteli hiyo ipo kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, karibu sawa na Nairobi, ila kule theluji hurundikana hadi madirishani. Ujenzi ulianza mwaka 1936, enzi za mdororo mkuu wa uchumi, chini ya WPA, mpango wa serikali wa kuwapa kazi waliokosa ajira. Rais Franklin D. Roosevelt aliizindua tarehe 28 Septemba 1937. Vifaa vilikuwa haba, mikono ilikuwa mingi. Basi mafundi wakageukia vilivyotupwa. Nguzo za simu za mti wa mwerezi zilichongwa wanyama na ndege, zikasimamishwa kwenye ngazi. Vipande vya reli vilifuliwa vikawa vyuma vya kubebea kuni mekoni, na minyororo ya magurudumu ya magari ikawa kizuizi cha cheche. Blanketi kuukuu za kambi za vijana wa kazi zilikatwa vipande vyembamba, zikatengenezwa mazulia. Margery Hoffman Smith ndiye aliyesimamia mapambo ya ndani, na wanawake walifuma kwa mkono vitambaa vya mapazia na viti.

Utajiri huo haupo juu darini. Upo kwenye kimo cha goti na cha kiganja. Mgeni akiingia ukumbini, macho yake huvutwa na dohani kubwa ya mawe yenye pembe sita. Huinua uso, hupiga picha, akaenda zake. Mwenye mwanasesere hawezi kufanya hivyo, kwa sababu kitu cha urefu wa shubiri humezwa na dohani. Inambidi atafute mahali panapolingana nacho: kando ya bundi aliyechongwa ngazini, au pembeni mwa zulia. Ili apige picha lazima ainame, na akiinama uso wake unakuwa pale pale ulipokuwa uso wa mchongaji. Tena anadaiwa maelezo. Mtoto anayengoja barua atauliza ndege huyu alitoka wapi, na jibu ni historia yote ya nguzo ile.

Mtu atasema huku ni kupenda picha tu. Lakini picha ya kujipiga humweka mtalii mbele, jengo likawa pazia la nyuma. Mwanasesere humwondoa mtalii kwenye picha. Hoja nzito zaidi ni ya heshima: jengo hili lilitokana na dhiki, je, tulifanye uwanja wa michezo? Waliolijenga hawakuweka mnara wa majonzi. Walichonga wanyama ngazini, mahali pa kupita watoto na wakubwa, na mtoto anayemsogelea bundi huyo anaitikia walichokusudia. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba mwanasesere asiwekwe juu ya kitambaa cha zamani wala karibu na moto. Na wanaokwenda kwa sababu tu nje ya hoteli ilionyeshwa katika filamu ya *The Shining* ya mwaka 1980 ndio hasa wanaohitaji kitu cha kuwaingiza ndani na kuwainamisha.

Tangu mwaka 1975 chama cha Friends of Timberline kimekuwa kikitunza kazi hizo za mikono. Mapazia na mazulia yaliyochakaa yametengenezwa upya kwa kufuata michoro ya awali.