Kichwa Kinauma Juu ya Nini?



Mwaka nilioandika kazi yangu ya kumaliza lisanse, tulikuwa tunaishi watu watatu katika chumba kimoja kule Kadutu. Chumba kidogo, dirisha moja, mabati juu. Umeme ulikuja wakati unapotaka, mara nyingi usiku wa manane, na ukija lazima uamke uandike. Mwezi wa 11 mvua ilinyesha kila siku na baridi ikazidi. Basi tukimaliza kupika maharagwe pale barazani, tulikuwa tunaingiza mbabula ndani, makala yangali mekundu, tunafunga mlango na dirisha, tunasoma. Joto lilikuwa tamu kweli.

Asubuhi tunaamka vichwa vinauma, wote watatu. Mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema ni tifoide. Mimi nikasema ni hii kazi ya mwisho, ubongo umechoka. Tukanunua vidonge. Kufika saa nne, tukiwa tayari chuoni, maumivu yameisha, na sisi tunashukuru vidonge. Tuliendelea hivyo wiki mbili. Halafu asubuhi moja mwenzetu alisimama ili afungue mlango, magoti yakalegea, akaanguka. Tukamtoa nje, akatapika, tukambeba mpaka kituo cha afya.

Mama muuguzi aliyetupokea alianza na maswali.

"Nyiye bote batatu munaumwa kichwa asubui?"

"Ndiyo, mama."

"Na mukitoka inje inapoa?"

"Inapoa."

"Usiku munalala na mbabula ndani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejibu.

Makala yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye mapafu, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila kubeba kile tunachohitaji. Dalili ya kwanza kwa wengi ni kichwa kuuma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Ukiwa umelala huzisikii hizo dalili, na ndiyo maana watu wanakufa usingizini. Jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba inaleta hatari ileile. Usidanganyike kwamba makala mekundu yasiyo na moshi ni salama. Moshi unauona, hii hewa huioni. Mwenzetu alipona. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia "kichwa kinauma", siwezi tena kumjibu "meza kidonge" bila kumuuliza: juu ya nini?

Kwanza tujue jambo moja: ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, na misuli ya kichwa na shingo. Waganga wamehesabu aina zaidi ya mia moja za maumivu ya kichwa, lakini wanazigawa katika makundi makubwa mawili. La kwanza, kichwa chenyewe ndicho ugonjwa. La pili, kichwa ni mjumbe tu wa kitu kingine: malaria, sumu ya makala, jeraha, uti wa mgongo.

Katika kundi la kwanza, aina iliyo ya kawaida kabisa ni ile ya mkazo. Inabana pande zote mbili kama mtu amekufunga kamba kichwani. Inaweza kudumu nusu saa au hata siku saba, lakini unaweza kutembea, kusoma, kupanda mlima wa kwenda nyumbani. Mara nyingi inafuatana na shingo na mabega yaliyokaza. Mwanafunzi anayeinamia simu saa nyingi anaijua vizuri.

Ya pili ni kipandauso. Hiki kwa kawaida kinapiga upande mmoja, kinadunda kama ngoma, na bila dawa kinadumu saa 4 mpaka 72. Unasikia kichefuchefu, mwangaza unaumiza, kelele zinaumiza, na ukipanda ngazi kinazidi. Wengine kabla hakijaanza wanaona mistari inayomeremeta mbele ya macho. Kinawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi kinatembea katika ukoo. Kwa hiyo ukimwona dada amelala ndani giza mchana, usiseme ni mvivu, na usikimbilie kusema amerogwa.

Ya tatu ni adimu, lakini ni kali sana: maumivu yanashika kuzunguka jicho moja kwa robo saa mpaka saa tatu, jicho linalia machozi, pua inaziba upande uleule, na mgonjwa hawezi kutulia, anazunguka chumbani. Inaweza kurudi kila siku kwa majuma mengi. Huyo aende kwa munganga, kidonge cha kawaida hakitamsaidia.

Sasa tuje kwa visababishi ambavyo wengi hatuvifikirii.

Njaa. Ukikaa saa 8 au zaidi bila kula, kichwa kinaweza kuanza kuuma. Mwanafunzi anayetoka bila chai na kula saa kumi jioni asiseme amepata malaria kila wiki.

Kahawa. Sisi watu wa Kivu tunailima na tunaikunywa. Ukizoea vikombe kadhaa kila siku ukakata ghafla, kichwa kinaweza kuuma ndani ya saa 24, na kinaweza kuendelea karibu wiki nzima. Ukitaka kuacha, punguza kidogo kidogo.

Nywele. Dada zangu, misuko iliyovutwa sana inaumiza kichwa, na hili waganga wanalikubali, si maneno ya kudekeza. Ukifungua, maumivu yanaisha. Vilevile kaske ya moto inayobana, au kitambaa kilichokazwa kwenye paji la uso.

Usingizi. Kulala kidogo kunaleta maumivu, na kulala kupita kiasi pia. Ndiyo maana mtu anafanya kazi wiki nzima bila shida, Jumapili akilala mpaka saa tano anaamka na kipandauso.

Mlima. Bukavu yetu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo mwili hausumbuki. Lakini kilele cha Kahuzi kina mita 3,308. Ukipita mita 2,500 oksijeni inapungua, na kichwa kinaweza kuuma hata kwa kijana mwenye nguvu. Kikizidi, dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Na sasa kile kilichonishangaza zaidi: dawa yenyewe. Mtu anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge hivyo. Kwa vile vidonge vilivyochanganywa, vyenye parasetamoli pamoja na kafeini au kodeini, inatosha siku 10 kwa mwezi. Kichwa kinauma, unameza, kinapoa, kinarudi, unameza tena. Unajifunga mwenyewe kitanzi. Ukiona umefika hapo, mwone munganga akusaidie kuacha. Na usisahau: mtu mzima asipite gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, juu ya ini lake.

Kuna pia neno tunalolipenda sana: "Kichwa inaniuma, iko tensio." Ukweli ni kwamba damu iliyopanda kiasi cha kawaida kwa wengi haiumizi kichwa hata kidogo. Inakaa kimya miaka mingi ikiharibu moyo na figo. Kichwa kinaweza kuuma ikipanda sana kwa ghafla, kama 180 kwa 120. Kwa hiyo usingoje kichwa kiume ndipo upime tensio, na usimeze dawa ya tensio ya baba yako kwa sababu kichwa kimeuma.

Halafu kuna wakati ambapo usiulize mengi, nenda hospitali leo, hata kama ni usiku:
- maumivu makali sana yaliyofika kilele ndani ya dakika moja;
- homa pamoja na shingo ngumu, au kuchanganyikiwa akili;
- upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kupinda, maneno kukwama, au kifafa;
- kichwa kuuma na kuzidi baada ya kugongwa au kuanguka kwenye moto;
- mama mwenye mimba au aliyejifungua juzi, hasa akiona ukungu machoni au miguu na uso vikivimba;
- maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50, au yanayozidi kila wiki.

Na kama watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, fungua mlango, tokeni wote nje, halafu ndipo mtafute mbabula. Usimwache mmoja ndani eti analala kidogo. Huyo ndiye wa kubebwa wa kwanza.

Kwa yale mengine ya kila siku, mimi nilipata faida na daftari dogo. Niliandika vitu vinne: kilianza saa ngapi, kinauma wapi na namna gani, nilikula na kulala vipi, nilimeza nini. Baada ya mwezi mmoja nikaona kwamba cha kwangu cha mkazo kinakuja siku ninazokaa mbele ya mashine bila kusimama, na kwamba maji, chakula na kutembea kidogo mpaka ziwani vinanisaidia kuliko nilivyodhani. Munganga naye akilisoma daftari lile anaelewa haraka, hata kama huna pesa za vipimo vingi.

Kazi yangu niliimaliza mwaka uleule, nikiwa nimejifunika mablanketi mawili, na mbabula iko nje inanyeshewa na mvua. Yule mwenzetu aliyeanguka sasa ana mke na watoto wawili. Tukikutana kule Nyawera bado anacheka akikumbuka tulivyobishana, mmoja malaria, mwingine tifoide. Mimi nikicheka naye, moyoni nafikiri juu ya yule mama wa kituo cha afya na maswali yake matatu.

Msimu wa mvua umefika tena. Kama unakaa na wenzako chumba kimoja, wasomee hii leo jioni, kabla hamjafunga dirisha.