Mugongo inauma: wakati gani kuvumilia, wakati gani kukimbia kwa munganga



Angalia saa ile timu ya usiku inatoka kazini na ya asubuhi inaingia. Mumoja ameshika kiuno, mwingine anashuka katika bisi upande-upande kama muzee, na miaka yake haijafika 35. Ukimuuliza iko na nini, jibu ni lile lile: «Ni mugongo tu, ni ya kazi.» Katika sendika tunalisikia neno hilo kila juma. Mara nyingi ni kweli, maumivu yatapita. Lakini kuko siku ambapo neno «tu» linaweza kumuacha mutu bila miguu. Njo sababu tunaandika leo: kila nyumba ya muchimbaji ijue kutofautisha maumivu ya kungojea na maumivu yasiyongoja.

Mugongo umejengwa namna gani

Mugongo una pingili 24: saba za shingo, kumi na mbili za kifua na tano za kiuno. Katikati ya pingili na pingili kuko kitu kilaini kama mto mudogo, wanganga wanakiita diski. Ndani ya pingili kunapita uti unaotoka kwenye ubongo. Kiunoni uti huo unaisha, zinabaki nyuzi mingi za mishipa zinazoshuka kwenye miguu, kibofu na sehemu za siri. Kwa Kifaransa wanaziita «queue de cheval», mukia wa farasi. Tutazirudilia.

Kazi yetu inaumiza mugongo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kunyanyua uzito kwa kuinama na kugeuza kiuno pamoja. Taasisi ya Marekani ya usalama wa kazi, NIOSH, inaweka kilo 23 kama kiasi cha juu hata pale hali zote ni nzuri: muzigo uko karibu na tumbo, hakuna kujigeuza. Mufuko wa kilo 50 unapita mara mbili. Ya pili ni kutetemeka. Shofa wa kamyo kubwa ya mawe anatikiswa saa kwa saa, na kama kiti kimekufa, diski zake njo zinakuwa kiti. Ya tatu ni kuchimba umechutama muda murefu katika shimo lisilokupa nafasi ya kunyoosha mwili.

Maumivu ya kungojea

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema katika mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Kwa watu karibu tisa kati ya kumi, wanganga hawapati ugonjwa mumoja wa kuonyesha kwa kidole. Maumivu hayo ni ya kweli, lakini mara nyingi yanapungua katika majuma machache, hata bila dawa kali.

Usilale kitandani siku mingi. Zamani walikuwa wanasema lala, leo tunajua kulala sana kunalegeza nyama za mugongo na kuchelewesha kupona. Tembea polepole, weka kitambaa cha moto, omba kazi nyepesi kwa siku chache. Dawa ya kutuliza ni ya muda mufupi tu. Wengi wetu tunanunua ibuprofeni barabarani na kuimeza kila siku kwa miezi: inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Deksametazoni nayo, ukiitumia muda murefu, inadhoofisha mifupa ile ile unayotaka kuponyesha.

Tena, usikimbilie picha ya radio. Radio inaonyesha mifupa, haionyeshi mishipa wala diski yenyewe. Familia zinatoa pesa ya shule ya watoto kwa picha ambayo munganga hakuiomba, na ambayo haibadilishi matunzo hata kidogo.

Maumivu yasiyongoja

Ukiona alama moja katika hizi, enda hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku:

– Mukojo unakataa kutoka, ao unatoka wenyewe, ao hausikii tena haja kubwa. Ao kuko ganzi pale mwili unapogusa kiti cha kinga. Ni «queue de cheval» inabanwa. Hapa tunahesabu saa, si siku. Ukichelewa, hata upasuaji muzuri unaweza kushindwa kurudisha kile kilichopotea.

– Muguu unapoteza nguvu: kidole kinakwaruza chini, huwezi kutembea kwa visigino, miguu inaregea.

– Mutu ameanguka ndani ya shimo ao jiwe limemuangukia. Musimuvute mikono, musimukalishe, na mutu asimukanyage mugongo ati anaunyoosha. Mumubebe juu ya ubao, kichwa, mugongo na kiuno katika musitari mumoja.

– Maumivu pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku. Kifua kikuu hakikai katika mapafu tu, kinakula pia pingili za mugongo. Munganga Muingereza Percivall Pott alieleza ugonjwa huo mwaka 1779, na hadi leo unaitwa «mal de Pott». Sisi tunaopumua vumbi ya mawe tuko karibu zaidi na kifua kikuu kuliko watu wengine. Kinapona kwa dawa, na dawa za kifua kikuu katika inchi yetu ni za bure. Lakini lazima kijulikane mbele ya mufupa kuanguka.

– Maumivu yanayozidi usiku hata umelala vizuri, zaidi kama mutu alishakuwa na kansa.

Katikati kuko hali ingine: maumivu yanayoshuka toka kiuno, yanapita goti mupaka muguuni. Ni siatiki. Wengi wanapona bila kupasuliwa. Lakini yakipita majuma sita bila kupungua, omba munganga wako akutume kwa mutaalamu wa uti wa mugongo. Anza na munganga wa kawaida: apime nguvu ya miguu, akuinue muguu umelala, agonge goti, aguse ngozi. Fundi wa mazoezi ya mwili, kinezi, naye anasaidia sana. Na kuonana na mutaalamu si kusema kisu. Muulize mambo matatu: ugonjwa ni nini, nikingoja itakuwa nini, kuko njia ingine?

Woga wa kupoteza kazi

Tuseme ukweli. Wengi wanajua ku kazi mugongo inaharibika, lakini wananyamaza juu ya mukataba. Mwenzetu mumoja, shofa wa kampuni ambayo sitaitaja, alikokota muguu miezi miwili akijificha nyuma ya vidonge. Siku alipoanguka, walimuambia: «Ulijiumiza mu shamba yako.» Hapakuwa hata karatasi moja. Tulipigana, lakini kupigana bila karatasi ni kuchimba bila chombo.

Kanuni ya Kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutoa matunzo kwa mufanyakazi na familia yake. Sheria ya 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu ajali za kazi na magonjwa ya kazi kati ya mambo ambayo CNSS inalipia. Kwa hiyo, siku ile ile mugongo umekatika kazini: julisha shefu, enda kwa dispansere, omba waandike saa, pahali na namna ilivyotokea, weka kopi nyumbani, andika majina ya walioona, kisha njoo kwa delege wako.

Wachimbaji wa mikono hawana mwajiri wa kudai. Kwa hiyo tuongee ndani ya koperative: mufuko ugawanywe mara mbili, na kila juma kiasi kidogo kiingie katika sanduku ya matunzo. Shofa, dai kiti kitengenezwe, na usiruke toka kabini: shuka kwa ngazi, uso ukiangalia mashini.

Wa mama, ninyi munaona mbele ya munganga. Munajua nani anashindwa kufunga viatu, nani anaamka usiku na kusimama murefu bila kukojoa. Musiogope kumuuliza. Na kama mume wako ao mutoto wako iko na alama moja ya zile za hatari leo, weka gazeti chini, mupeleke sasa.