Nyumba za deni: ziba paa kabla ya kutangaza bei

NAIROBI – Nyumba iliyotwaliwa kwa deni la benki mara nyingi hufika sokoni ikiwa imechakaa. Nyasi zimefika dirishani, sinki na nyaya zimeng'olewa, paa linavuja. Wakala anayeitangaza katika hali hiyo hukaribisha walanguzi tu.

Nchini Kenya jambo hili si la urembo pekee. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki ithaminishe nyumba kabla ya kuiuza na kutafuta bei bora inayowezekana. Ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, huchukuliwa kuwa benki imekiuka wajibu wake, hadi ithibitishe vinginevyo. Yaani nyumba ya Sh8 milioni ikienda kwa Sh6 milioni, mlango wa kesi uko wazi. Mdaiwa naye huumia: bei isipotosha kulipa deni, salio hubaki shingoni mwake.

Wenyeji wakishahama kihalali, wakala mzoefu huanza na vitasa vipya na mlinzi. Kisha huzoa taka, huziba paa ndipo apake rangi, na hukagua maji na umeme. Marekebisho makubwa humwachia mnunuzi.

Mnunuzi naye asipumbazwe na rangi mbichi. Apekue hati katika ofisi ya ardhi, adai vyeti vya kutodaiwa kodi ya ardhi na ada za kaunti, kisha apande darini. Huko ndiko gharama hujificha.