Kitambaa cha Jezi: Namna ya Kukitambua Kabla ya Kukinunua

Tinde, penye njia panda ya barabara ziendazo Shinyanga, Nzega na Kahama, imo katika nchi ya pamba. Kanda ya Magharibi ndiyo itoayo sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania, na aina zake kadhaa zilizalishwa na watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza; ndiyo asili ya majina kama UK 77 na UK 91. Hata hivyo, fundi cherehani wa Tinde aliyeagizwa kushona jezi za shule hatafuti pamba. Atafutacho hakioti shambani, na mara nyingi hukikuta kwenye jora lisilo na maandishi, au lenye maandishi yasiyoaminika. Akikosea, michango ya wazazi imekwisha na jezi hazifai.

Kwa nini pamba ikataliwe? Uzi wa pamba ni selulosi, na molekuli za selulosi hushikamana na maji kwa urahisi. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama asilimia 4, na poliesta chini ya nusu ya asilimia 1. Gramu moja ya jasho ikigeuka mvuke huchukua joto la jouli 2,400 hivi, na hapo ndipo mwili hupoa. Pamba hulifyonza jasho na kulihifadhi, hata nguo ikawa nzito na kugandamana na ngozi. Katika poliesta jasho husambaa juu ya nyuzi na katikati yake, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, kisha hukauka upesi. Kwa kipindi kimoja cha michezo pamba yatosha kabisa. Tofauti huonekana katika mbio ndefu.

Lakini poliesta, iliyovumbuliwa na Waingereza Whinfield na Dickson mwaka 1941, si kitu kimoja. Ile iliyobanwa kwa mtande na mshindio, kama ya suti za bei nafuu, ni adha tupu juani. Ya jezi hufumwa kwa vitanzi na huacha matundu madogo. Mnunuzi akivute kitambaa kwa mikono miwili: cha vitanzi hunyumbuka. Kikinyumbuka sana na kurudi upesi, yaelekea kimechanganywa na spandeksi, uzi uliovumbuliwa Marekani mwaka 1958. Kisha adondoshe tone la maji. Likisambaa upesi, vema; likisimama kama shanga, jasho nalo litasimama.

Jaribio la moto lafaa kufanywa maabara, mbele ya mwalimu. Omba kipande kidogo dukani, kishike kwa koleo juu ya bakuli la mchanga. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iunguayo, na huacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Matone yake huunguza vibaya, basi isishikwe kwa vidole. Mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

Mizani ya maabara nayo itumike. Kata mraba wa sentimeta 10 kwa 10, pima gramu zake, zidisha kwa 100. Utapata uzito wa mita moja ya mraba. Gramu 130 hadi 160 zafaa kwa jezi. Dukani uliza upana pia, kwa kuwa mita moja ya jora la inchi 60 huzidi kwa theluthi moja ile ya inchi 45.

Koti la mvua ni habari nyingine. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi isipopita, mvua haitapita, wala jasho halitatoka. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alipata utando wenye matundu yapitishayo mvuke na kuzuia matone, lakini bei yake ni kubwa. Kwetu, nailoni ya mwavuli uliovunjika au ya mkoba wa mitumba yaweza kufumuliwa na kushonwa upya. Atumie uzi wa poliesta na sindano nyembamba, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mishono isuguliwe nta ya nyuki kwa ndani.