Hadithi Fupi za Upelelezi: Urithi wa Bwana Msa (Sehemu ya Tatu)

Tangazo la Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu limetoka tena, na vijana kadhaa hapa mjini Unguja wamenijia na miswada yao ya upelelezi wakitaka niisome. Karibu yote ni mirefu kupita kiasi. Tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, Aprili 2023, waliotunzwa walikuwa waandishi wa riwaya na ushairi, basi kijana mwenye kisa cha kurasa sita huona hana budi kukivuta kifike mia mbili. Kwa ajili hiyo naiahirisha habari ya mwandishi wa upelelezi Faraji Katalambulla niliyoahidi, nirudi kwa mtu wetu wa Makunduchi, Muhammed Said Abdulla.

Anayefuata mfululizo huu anamjua mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko chake na sahibu yake Najum. Leo tumtazame aliyemuumba. Muhammed Said Abdulla alizaliwa 1918, na alipomaliza masomo hakuanzia kwenye uandishi. Aliajiriwa Idara ya Afya, akawa mkaguzi kwa muda wa miaka kumi hivi. Kazi ya bwana afya ni kuingia ua wa mtu, kuchungulia kisima, kufunua mtungi, kuuliza maji haya yamekaa tangu lini, na kutoridhika na jibu la mwenye nyumba mpaka jicho lithibitishe. Naamini Bwana Msa alizaliwa humo, kabla kalamu haijashikwa. Mwaka 1948 Abdulla akaingia magazetini: alihariri Zanzibari, akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq na Afrika Kwetu, na tangu 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri mkuu wa Mkulima. Aliyezoea kupima safu ya gazeti hamwagi maneno.

Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ndiyo iliyoshinda mashindano ya hadithi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Maiti ya tajiri wa mashamba inakutwa mzimuni, na midomo ya watu inakimbilia kwa wazee wa kale. Sasa angalieni ufundi. Mwaka 1929 padri Mwingereza, Ronald Knox, aliwawekea waandishi wa upelelezi kanuni kumi. Moja inakataza jawabu la kimajini na kimizimu, nyingine inataka kila dalili aionayo mpelelezi msomaji naye aonyeshwe. Abdulla alichagua njia ngumu zaidi. Aliuweka mzimu katikati ya kisa, akawaacha watu wauogope watakavyo, kisha jawabu akalitoa kwa binadamu. Akairudia njia hiyo katika riwaya ya Kisima cha Giningi, 1968, na kila aliyelelewa Unguja anajua Giningi ni makao ya wachawi katika masimulizi ya bibi zetu.

Huo haukuwa mchezo wa fasihi tu. Mwaka 1995 hofu ya jini aitwaye Popobawa ilipovuka kutoka Pemba ikaingia Unguja, umati wa watu hapa mjini ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania kuwa ndiye. Hakuna aliyeuliza alitoka wapi, alifika lini, nani alimwona. Maswali ambayo Bwana Msa huyauliza kabla ya kuwasha kiko yangetosha kumwokoa.

Kwa hiyo nasikitika ninapokuta mswada ambao muuaji anafichuliwa na ndoto ya mganga, au anakiri kwa kupigwa kituoni. La kwanza ni uvivu. La pili ni baya zaidi, maana linamfundisha msomaji kwamba kipigo huzaa ukweli.

Na ufupi? Mtazameni Arthur Conan Doyle. Sherlock Holmes alitokea 1887 katika riwaya, na wasomaji hawakumshangilia sana. Julai 1891 jarida la Strand likaanza kutoa visa vyake vifupi, mhusika yule yule lakini kila kisa kinakwisha katika toleo lile lile, aliyekosa la mwezi uliopita asipotee. Hapo jina likavuma. Visa vifupi vilifika 56, riwaya zikabaki nne. Kwetu magazeti yamezoea kugawa riwaya vipande vipande, na msomaji akikosa wiki mbili hujitoa.

Mji Mkongwe wenyewe umeumbwa kwa kisa kifupi. Kipochoro cha Kiponda au Malindi hakipiti mtu bila kuonwa na waliokaa barazani, kwa hiyo washukiwa watatu wanatosha. Anza karibu na maiti, au na mkufu uliopotea siku ya harusi. Si lazima mtu afe. Dalili kuu itaje mapema, ndani ya maneno ya kawaida: bakuli la urojo lililoachwa nusu, kanzu iliyofuliwa siku isiyo ya kufua. Ukiitaja mwisho umemdhulumu msomaji.

Wahariri wa magazeti ya Kiswahili nawaomba ukurasa mmoja tu kila Jumamosi, kwa kisa cha maneno elfu moja na mia tano kinachoanza na kwisha hapo hapo, na mwandishi alipwe. Waandishi nao wapunguze miswada yao na kuipeleka. Katalambulla nitamleta toleo lijalo.