Ugiriki bila pasipoti: wikiendi ya Tanga kwa mtu wa Mnyuzi

Juzi nilikuwa kafe moja hapa Korogwe, pembeni yangu kakaa jamaa anaangalia picha za Ugiriki. Nyumba nyeupe, bahari ya bluu, watu wanakula mezani nje usiku. Nusu saa yake yote ikaishia pale. Alipokuwa analipa akasema, "Siku moja na mimi ntafika." Nikamwambia mbona Wagiriki walishakuwa majirani zetu hapa hapa. Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa natania. Ndiyo maana leo nawaletea safari ya siku mbili, kula na kutembea, ukifuata nyayo za Wagiriki kutoka Mnyuzi mpaka Tanga mjini. Haihitaji viza wala pasipoti, nauli ya basi tu na viatu vizuri.

WALIFIKAJE HUKU?

Tuanze na hili maana bila hilo utaangalia majengo na mashamba bila kuyaelewa.

Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili. La kwanza, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Inasimuliwa kwamba aliagiza 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. La pili, mwaka huo huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, kwa hiyo hapa Mnyuzi ilipita katikati ya miaka hiyo.

Wagiriki wengi wa mwanzo walikuja kama makandarasi wadogo wa reli. Mjerumani anagawa kipande cha kazi, Mgiriki anakisimamia. Reli ikiisha, wengine wanabaki wanatafuta ardhi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ikashindwa, na Waingereza wakapiga mnada mashamba ya Wajerumani. Wahindi na Wagiriki wakanunua. Hapo ndipo Mgiriki wa mkonge anapozaliwa, na ndiyo maana wazee wetu wakisema "mzungu wa shamba" mara nyingi walikuwa wanamsema Mgiriki.

Biashara ilipanda mpaka mwaka 1964 Tanganyika ilipotoa zaidi ya tani 220,000 za mkonge. Halafu nailoni ikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Wagiriki wengi wakafunga mizigo. Yakabaki majina, majengo na sisi.

SIKU YA KWANZA: ANZA NYUMBANI

Usikimbilie basi. Anza stesheni ya Mnyuzi. Sisi tumeizoea tunaona vyuma tu, lakini hapa ni njia panda ya reli. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kutoka Ruvu mpaka hapa, ikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Yaani kabla ya Mnyuzi kuungwa, behewa la Tanga halikuwa na njia ya kufika Dar kwa reli ya ndani ya nchi. Piga picha, jivunie kidogo.

Halafu angalia mkonge. Jani linakatwa, linafungwa mafungu ya majani 30, linapelekwa kwenye mashine inaitwa korona (siyo ule ugonjwa, hii ilianza zamani). Korona inaponda jani, inabaki nyuzi. Katika jani zima, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi. Nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Fikiria ni majani mangapi hayo kupata robota moja!

Sasa nani alikuwa anakata? Hapa naomba tutulie kidogo wadau. Babu yangu mzaa mama alikuja huku kutoka Songea kama manamba. Neno lenyewe linatokana na namba, maana mtu alipewa namba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri iliyoitwa SILABU, inaleta watu kwa malori na treni kutoka mbali. Ulipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haihesabiwi, kwa hiyo siku 30 za kadi zingeweza kuchukua mwezi na nusu za kalenda. Babu alikuwa akitaka kulalamika kuhusu maisha anasema, "Kipande hakijajaa." Ukiuliza kwa nini Mnyuzi kuna Mngoni, Mbena, Mmakonde, Mnyamwezi na Muha wamechanganyika na Wazigua na Wasambaa, jibu ni hilo.

Kwa hiyo ukitembelea nyayo za Mgiriki, kumbuka pembeni yake kuna nyayo za mtu mwingine, nyingi zaidi, na hazijawekewa kibao.

Sasa toka barabara kuu, dandia basi la Tanga. Mkono huu mkonge, mkono ule mkonge. Ukifika Muheza nunua machungwa dirishani, hiyo ni sheria.

TANGA MJINI: KULA KWA MACHO YA KIGIRIKI

Wengine mtauliza, sasa chakula cha Kigiriki kiko wapi? Hapa ndipo nilipofurahi zaidi wakati natafuta habari za makala hii. Sisomi Kigiriki, lakini angalieni maneno haya. Sisi tunasema bamia, wao wanasema bamies. Sisi pilau, wao pilafi. Sisi chai, wao tsai. Sisi halua, wao halvas. Hata sabuni ya kunawia mikono wao wanaita sapuni! Kwa mengi ya maneno hayo, sababu ni kwamba wao na sisi ni watu wa bandari, tulipokea maneno na mapishi kwa Waarabu, Waajemi na Waturuki, kila mmoja kwa upande wake wa bahari.

Basi ukiwa Tanga agiza hivi:

1. Kahawa ya kijiweni. Tafuta wazee wanaocheza bao au drafti, kaa kwenye benchi. Kahawa ya Kigiriki nayo inachemshwa kwenye kijibirika kidogo, haichujwi, inanywewa kwenye kikombe kidogo na machicha yanabaki chini. Kijiwe chao kinaitwa kafenio, na wazee wao wanacheza tavli, mchezo wa ubao na dadu. Tofauti ni kwamba wao huletewa glasi ya maji na sisi tunaletewa kashata. Kashata imeshinda.

2. Mishikaki usiku. Hii ndiyo suvlaki yao. Wao wanaweka nyama ya nguruwe au kuku, limao, chumvi na majani makavu ya oregano, wanafunga kwenye mkate mwembamba unaoitwa pita. Wewe funga mishikaki ya ng'ombe kwenye chapati, weka kachumbari, umefika Athens.

3. Mtindi na tango. Tanga ni mji wa maziwa, mtindi haukosekani. Wao wanachanganya mtindi mzito na tango lililokunwa na kukamuliwa maji, kitunguu saumu, chumvi na mafuta ya zeituni. Wanaita tzatziki. Nilijaribu nyumbani nikatumia mafuta ya alizeti. Mama alisema nimeharibu mtindi, halafu akamaliza bakuli.

4. Pweza. Wao wanamchoma na kumtia limao, sisi tunamchemsha na kumchoma na kumtia pilipili. Hapa sitoi hukumu, ila nimezaliwa mkoa wa Tanga, mnajua nasimama wapi.

Jioni tembea Bustani ya Jamhuri uangalie bandari. Robota za mkonge za mashamba yetu zilipitia hapo kwenda kuwa kamba za meli za watu. Ukiwa na nguvu nenda mpaka Raskazone, utapita Mkonge Hotel. Jina tu linakuambia mji huu uliishi kwa nini. Kama una muda mchana, ingia makumbusho ya Urithi Tanga kwenye boma la zamani la Wajerumani. Wana picha za mji wa enzi hizo.

SIKU YA PILI: GALANOS NA AMBONI

Asubuhi chukua bodaboda au daladala barabara ya kwenda Horohoro. Utasikia jina Galanos. Wengi wetu tunalijua kama jina la sekondari, tumecheza nao mpira, hatukuwahi kujiuliza ni neno la kabila gani. Ni jina la Mgiriki, mkulima wa mkonge. Na ndiyo hilo hilo jina la chemchemi za maji ya moto za Galanos, kilomita chache kutoka mapango ya Amboni.

Maji yana salfa, yananuka kama yai viza, lakini watu wanaoga wakiamini yanasaidia maumivu ya viungo na ngozi. Galanos ndiye aliyeona yanaweza kuwa sehemu ya tiba. Ugiriki kwenyewe kuna chemchemi nyingi za hivyo na watu wamekuwa wakienda kuoga tangu enzi za kale, kwa hiyo sishangai kwamba Mgiriki alipoona moshi unatoka majini alijua anaangalia nini.

Kutoka hapo nenda mapangoni. Usiingie bila mwenyeji, humo ndani ni giza, njia nyingi, popo wengi. Mwenyeji atakuonyesha mawe yenye maumbo mbalimbali na atakusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao inasimuliwa walijificha humo miaka ya 1950 wakiwa wanawapora walowezi. Kwa mzungu wa shamba walikuwa majambazi. Kwa manamba walikuwa kitu kingine kabisa. Babu alikuwa akilitaja jina la Otango kwa sauti ya chini, na alikuwa anatabasamu.

UKITAKA KWENDA MBALI ZAIDI

Dar es Salaam: pale Mnazi Mmoja kuna ukumbi tunaouita Anatouglo. Ni jina la George Arnautoglu, mfanyabiashara wa Kigiriki aliyetoa fedha za kuujenga miaka ya 1950. Pia Kanisa la Orthodox lina jimbo lenye makao Dar, na jimbo hilo linaitwa Irinoupolis. Maana yake kwa Kigiriki ni mji wa amani. Yaani walichukua jina la Dar wakalitafsiri!

Arusha: shule ya St Constantine's ilianza kama shule ya jumuiya ya Wagiriki.

Pangani: hapa tunarudi nyuma sana. Karibu miaka 2,000 iliyopita msafiri mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha bandari za pwani hii, kinaitwa Periplus. Anataja soko la mwisho kusini, Rhapta, na kusema limepewa jina hilo kwa sababu ya mashua zilizoshonwa kwa kamba. Wasomi bado wanabishana lilikuwa wapi, wengine wanasema Rufiji, wengine Pangani, mdomoni mwa mto huu huu unaopita kwetu.

Na Athens yenyewe, kwa wale watakaofika kweli: panda Acropolis asubuhi mapema kabla ya jua kali, uone Parthenon iliyoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo. Shuka Plaka na Monastiraki ule suvlaki, pita soko la Varvakios uone samaki. Halafu toka kwenye njia ya watalii uende Sepolia, mtaa alikokulia Giannis Antetokounmpo. Wazazi wake walitoka Nigeria, alikuwa anauza vitu mtaani na ndugu zake, leo ni bingwa wa NBA wa mwaka 2021. Wagiriki walikuja kwetu kutafuta maisha, na Waafrika wakaenda kwao kutafuta maisha. Tofauti ni nani aligawiwa shamba na nani aligawiwa namba.

MWISHO

Babu amefariki na kipande chake hatunacho. Bibi alikiwashia moto jikoni, kwa sababu nani angejua kwamba kile kikaratasi ni historia? Mgiriki ameacha jina kwenye shule na kwenye chemchemi. Babu ameniachia maneno mawili matatu tu, na ndiyo haya nimeyaweka hapa.

Kwa hiyo wadau, ukienda safari hii, kula vizuri, oga maji ya moto, piga picha. Lakini kabla hujaondoka nyumbani, kaa na mzee wako nusu saa, muda ule ule unaolipia hapo kafe, umuulize alikuja na nani, alipewa namba ngapi, alikata shamba lipi. Halafu rudi uandike hapo chini kwenye maoni. Mimi nimeanza na babu yangu, sasa nasubiri wa kwenu.

Nawakilisha kutoka Mnyuzi.