Basi Kuukuu la Shule Likigeuzwa Kibanda: Ya Kuangalia Kabla ya Kung'oa Viti

Mkazi wa Gitothua anayenunua basi kuukuu la shule ili aligeuze kibanda cha chakula au duka, kwanza hukimbilia kung'oa viti. Hapo ndipo moto huanzia, hasa fundi akishika grinda kabla ya kushika spana.

Kabla ya chochote, betri zitolewe. Basi kubwa huwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa volti 24. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza. Ukianza na wa chanya, spana ikigusa bodi ya gari hutoa cheche kali na inaweza kumuunguza fundi mkono.

Viti hushikiliwa na bolti zinazopenya sakafu, na nati zake ziko chini ya gari, zikiwa zimeshika kutu kwa miaka ya matope. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja ndani, mwingine chini na spana ya pili. Bolti zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Zikikataa kabisa, msumeno wa chuma wa mkono ni salama kuliko grinda, ingawa unachosha. Cheche za grinda zikiangukia sponji ya kiti, moto husambaa kwa dakika chache, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Basi lina mlango mmoja au miwili tu. Viti vitolewe nje kabla ya kukata chuma chochote, na kizima moto kiwe karibu.

Chini ya mpira wa sakafu kuna plaiwudi, na chini yake hupita mabomba ya dizeli na ya hewa ya breki. Toboa tu baada ya kuchungulia kutoka chini. Kutu nayo hujificha karibu na ngazi ya mlango na juu ya magurudumu. Afadhali ionekane sasa kuliko baada ya jiko kuwekwa. Anayebandua dari avae maski, miwani na glavu, kwani huenda kukawa na pamba ya kioo inayowasha ngozi na kudhuru mapafu.

Mbavu za chuma kati ya madirisha zisiguswe ovyo. Ndizo hubeba paa. Anayetaka dirisha pana la kuuzia aongeze vyuma vya kushikilia kabla ya kukata ubavu wowote.

Kuna upande wa karatasi pia, na wengi huukumbuka wakiwa wamesimamishwa barabarani. Mabadiliko ya bodi na rangi huarifiwa NTSA ili logbuku ilingane na gari. Sheria ya Trafiki, kufuatia marekebisho ya 2016, iliweka manjano kuwa rangi ya magari ya wanafunzi, kwa hivyo rangi hiyo ibadilishwe na maandishi ya shule yafutwe. Mtoto asije akasimamisha kibanda cha chapati akidhani ni basi lake.

Biashara yenyewe huhitaji leseni ya kaunti, na wanaopika wawe na vyeti vya afya. Sponji na vitambaa visichomwe uwanjani. Vyuma na alumini viuzwe kwa mnunuzi mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na muuzaji adai risiti.